Honi ya 5917

Kikombe cha chai kilikuwa mezani, kimejaa pomoni, na utando umeshatanda juu. Inspekta alikigusa kwa mgongo wa kidole. Kimepoa zamani.

"Hajanywa hata funda moja," alisema.

"Hata moja," alijibu binti wa mzee. Alikuwa mshonaji, na futi ya kupimia bado ilining'inia shingoni, maana balaa lilimkuta kwenye cherehani. "Na sindano ya sukari kajidunga. Hii hapa, nimeikuta imetumika. Afande, baba akijidunga asipotia kitu mdomoni, anaanza kutetemeka, kisha anaanguka. Mwaka juzi alianguka hapa hapa jikoni."

"Hujidunga saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu. Hakosei. Ameendesha treni miaka thelathini na moja, yule hata kunyoa ndevu ana ratiba."

Inspekta alitazama saa yake. Saa tatu kasoro dakika kumi. Alipiga hesabu kichwani, na hesabu haikumpendeza.

"Simu yake?"

"Haipatikani."

Mlango wa nyuma ulifunguka, akaingia Konstebo, mtu wa makamo mwenye tumbo la heshima aliyebakisha miaka miwili astaafu. Nyuma yake alikuja mkwe wa mzee, mwalimu wa hesabu, jasho likimtoka kama aliyekimbizwa.

"Afande, huku nyuma kuna wizi," alisema Konstebo.

"Pampu yangu," alidakia mkwe. "Ile ya kujazia tairi, inayochomekwa kwenye betri. Na betri ya pikipiki niliyoinunua juzi. Jana jioni vilikuwa kwenye buti la gari, leo havipo. Nawaambia, waliochukua vitu ndio waliomchukua mzee. Kawafumania, wakaona bora waondoke naye."

"Buti limevunjwa?"

"Hapana."

"Funguo hukaa wapi?"

"Pale mlangoni, kwenye msumari."

"Na sasa ziko wapi?"

Mkwe aligeuka. Funguo zilikuwa kwenye msumari.

"Kwa hiyo mwizi kaingia ndani," alisema Inspekta, "kachukua funguo, kafungua buti, kaiacha redio ya gari, kachukua pampu na betri, kafunga buti vizuri, kisha karudi kutundika funguo?"

Mkwe alizigusa funguo kwa kidole.

"Siku hizi kuna wezi wastaarabu, afande," Konstebo alijaribu.

"Wapo. Lakini hawashughuliki na pampu za tairi."

Aliandika kwenye daftari lake maneno mawili, pampu na betri, akayapigia mstari. Alipoinua uso alimwona binti anamtazama kwa macho ya mtu mwenye neno kooni.

"Sema, mama."

"Kuna kitu sijamwambia hata mume wangu," alisema binti kwa sauti ndogo. "Kipo kwenye kompyuta ya baba."

Chumba cha mzee kilikuwa na kitanda kilichosukumwa ukutani kama mgeni asiyetakiwa. Nafasi yote iliyobaki ililiwa na meza moja pana ya mbao, na juu ya meza reli nyembamba zilizunguka, zikapanda, zikapita juu ya daraja la vijiti na kuzama katika handaki la makaratasi magumu. Kwenye stesheni ndogo, yenye saa isiyozidi kifungo cha shati, ilisimama injini moja ya kijani yenye mstari wa njano. Haikuzidi kiganja kwa urefu. Ubavuni ilichorwa namba kwa brashi ya unywele: 5917.

"Tangu astaafu hana jingine," alisema binti. "Wajukuu hawaruhusiwi hata kuipumulia."

Kompyuta ilikuwa pembeni, imefunguliwa kwenye programu ya akili mnemba, ile ambayo mtu huiuliza kwa maandishi nayo ikamjibu. Binti alinyoosha kidole bila kutazama. Jana, saa moja jioni, mzee aliandika:

*Nataka kufuta kila kitu nianze upya. Nimechoka.*

"Nilipofika hapo nikafunga macho," alisema binti. "Kisha nikapiga simu polisi."

Mkwe alishika kichwa. Konstebo alivua kofia.

Inspekta alivuta kigoda, akaketi. Katika miaka yake ya kazi alishasoma barua za namna hiyo nne. Zote zilikuwa fupi, na zote ziliishia palepale. Hii ilikuwa na maandishi mengine chini yake.

"Barua husomwa mpaka mwisho, mama," alisema. Akasoma kwa sauti.

*Pole kwa uchovu. Nadhani unazungumzia king'amuzi cha injini. Kama unazungumzia maisha yako mwenyewe, niambie, tuanze na hilo kwanza.*

*Maisha yangu hayana tatizo, kijana. Tatizo ni hii honi. Inalia kama mbuzi aliyekanyagwa.*

Binti alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akajifuta kwa ncha ya futi yake.

*Sawa. Kabla ya kufuta, soma thamani zote za sasa uziandike daftarini, ili uweze kuzirudisha. Kwa ving'amuzi vingi, kufuta ni kuandika 8 katika kisanduku namba 8, ila hakikisha kwanza kwenye kijitabu cha mtengenezaji. Ukishafuta, injini haitajibu tena ukiiita 5917. Itajibu anwani 3 mpaka uirudishie yake.*

"Nani atanifafanulia lugha hii?" aliuliza Inspekta.

Mkwe alisogea. Hapo sauti yake ilitulia. Alikuwa amerudi darasani. "Ndani ya injini kuna kibati kidogo kama ukucha wa dole gumba. Ndicho king'amuzi. Amri zote hupita relini pamoja na umeme, nacho huchagua zile zilizotumwa kwa anwani yake. Kina visanduku vya namba, mamia. Hiki kinashika anwani, hiki kinasema injini iondoke taratibu kiasi gani, hiki kinapanga sauti. Ukikosea kimoja, injini inagoma au inaruka kama panzi. Mzee aliteseka mwaka mzima. Akiniita na mimi sijui. Tulipompa hiyo programu ndipo tukapumua. Wanabishana humo kutwa."

"Washa meza."

Mkwe alibonyeza swichi. Inspekta alichukua kidude cha kuongozea, akaandika 3. Injini haikutikisika. Akaandika 5917. Taa mbili ndogo ziliwaka, na injini ikaanza kuondoka, polepole kabisa, kama kitu kizito kweli kinachovuta mabehewa ishirini mlimani. Aliitazama ikazunguka meza nzima. Kisha akafungua daftari la mzee lililokuwa karibu. Kurasa tatu za namba, zote zimeandikwa upya kwa mkono ulionyooka, kila moja imewekewa alama ya vema.

"Alifuta," alisema, "halafu akairudishia anwani yake. Halafu akarudisha kila kisanduku, kimoja kimoja. Mtu anayeaga dunia hakai kupanga injini iondoke vizuri. Kitufe cha honi ni kipi?"

"Hicho cha pili."

Alikibonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

Alipitisha kidole kwenye daftari mpaka akauona mstari wenyewe. *Sauti ya honi: 0.* Hapo pekee hapakuwa na alama ya vema. Palikuwa na duara tupu.

"Kaizima makusudi," alisema Inspekta. "Kaacha nafasi. Ana honi nyingine ya kuweka, na bado hajaipata."

Konstebo alirudisha kofia yake kichwani.

Mazungumzo ya mwisho kwenye kompyuta yalianza leo, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Mzee alikuwa ameuliza kama programu ina sauti ya honi ya 5917 yenyewe. *Sina,* ilijibu. *Sauti zilizomo kwenye king'amuzi chako zilirekodiwa kutoka injini za aina nyingine. Nikikwambia ni ileile nitakuwa nakudanganya. Njia ya uhakika ni kurekodi injini yenyewe, kama bado ipo.* Mzee akauliza honi ya upepo inahitaji hewa kiasi gani kama injini imekufa. Ikamweleza, ikaongeza: *Usitumie mtungi wenye kutu, ziba masikio, na usiende peke yako.* Jibu la mzee lilikuwa neno moja. *Sawa.*

"Mwongo huyo," alisema binti.

Inspekta aliweka vidole kwenye kibodi, akaandika kama anavyomhoji shahidi yeyote. *Mimi ni polisi. Mwenye kompyuta hii ametoweka. Ana kisukari, kajidunga dawa na hajala. Amekwenda wapi?*

*Sijui alipo, na sitaki kubahatisha kwa jambo zito hivi,* ilijibu. *Kwa sukari: arifuni huduma ya dharura sasa, na atakayempata akiwa na fahamu ampe kitu chenye sukari mara moja. Kwa safari yake: hapa alitaja betri ya volti 12, pampu ya tairi na mtungi wa hewa wa kuazima. Pampu peke yake haitoshi kwa honi. Mkimpata aliyemwazima mtungi, huenda ndiye wa mwisho kuzungumza naye. Injini ya kweli iko wapi, hakunitajia.*

"Shahidi mzuri," alisema Inspekta. "Anasema anachokijua, anaishia hapo. Haya, mtaa huu nani ana mitungi ya hewa?"

Binti na mkwe walijibu kwa pamoja. "Kiraka."

Kiraka alikuwa fundi tairi pale kwenye kona, mtu mwembamba mwenye mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Alipoliona gari la polisi alianza kulichovya tairi kwenye karai la maji, tairi ambalo halikuwa na pancha.

"Mzee wa treni umemwona leo?" aliuliza Inspekta.

"Sijamwona, afande."

"Mitungi yako midogo ya hewa ni mingapi?"

"Mitatu."

"Naiona miwili."

"Mmoja uko... uko kwa mteja."

"Mteja gani?"

Kiraka alilizungusha tairi majini. Hakukuwa na povu hata moja.

"Fundi," alisema Inspekta, akichuchumaa ili macho yao yalingane, "njia ya mwongo ni fupi, na mimi leo sina muda hata wa hiyo fupi. Mzee huyo kajidunga sindano ya sukari na hajala kitu. Akianguka mahali asipoonekana, haamki."

Tairi lilimponyoka, likazama.

"Mungu wangu! Hakuniambia hilo. Aliniapisha nisiseme kwa binti yake, kwamba atamkataza. Mimi nikajua ni mambo ya wazee. Nikamkagulia mtungi mzuri, nikamfungia na mpira wake. Saa moja kamili alikuwa hapa."

"Alionekanaje?"

"Mzima, ila jasho lilikuwa linamtoka. Nikampa soda. Akasema daktari kamkataza, akaitia mkobani."

"Akaondoka na nini?"

"Lori la mchanga. Dereva anamfahamu, akampandisha mbele."

"Kuelekea?"

"Afande, malori ya mchanga yako zaidi ya kumi, yanakwenda pande zote. Ningejua ningekwambia, naapa."

Inspekta alimwamini. Alirudi garini, akapiga simu ofisi za reli. Iliita mara saba ndipo ikapokelewa na karani wa stoo, mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyekatishwa kifungua kinywa.

"Injini namba 5917," alisema Inspekta. "Iko wapi?"

"Hiyo ilishafutwa vitabuni, afande. Miaka tisa sasa."

"Kufutwa vitabuni si kukatwa. Chuma chenyewe kiko wapi?"

Karatasi zilisikika zikipekuliwa. "Zilifutwa sita kwa pamoja. Mbili ziko karakana kuu, tatu kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, moja bandarini. Namba zenyewe hazikuandikwa kila moja iko wapi."

"Malori ya mchanga hupita wapi kati ya hapo?"

"Machimbo. Siku hizi kokoto hakuna tena, wanachota mchanga tu upande wa mtoni." "Inashangaza. Wiki iliyopita mzee mmoja alipiga simu akauliza injini hiyohiyo. Nikamwambia kama ni ya machimboni na anataka kuiaga afanye haraka, maana wakata vyuma wanaingia machimboni kesho."

Inspekta alikata simu. "Konstebo, machimbo. Na simama pale dukani ununue sukari."

"Kilo ngapi, afande?"

"Tunakwenda kuokoa mtu, hatuendi harusini. Pakiti moja na chupa ya maji."

Barabara ya machimboni ilikuwa mashimo matupu, na simu zilipoteza mtandao nusu ya njia. Kabla haujakatika, Inspekta aliita gari la wagonjwa. Walipofika, injini tatu zilisimama kwenye reli iliyomezwa na nyasi, zimekwajuka kwa jua, madirisha hakuna. Ya kwanza namba yake ilikuwa imeliwa na kutu. Ya pili vilevile. Kando ya ya tatu mpira mweusi ulikuwa umelala kwenye nyasi, ukapanda ubavuni mpaka juu ya paa.

"Mzee!" aliita Inspekta.

"Msipige kelele," ilijibu sauti kutoka ndani. "Nasikia vizuri. Kilichoharibika ni mguu."

Alimkuta ameketi kwenye sakafu ya chumba cha dereva, mguu wa kushoto umezama mpaka gotini kwenye ubao uliooza. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Kando yake ilikuwa chupa ya soda, imebaki robo.

"Nimekunywa kidogokidogo," alisema mzee. "Daktari atanigombeza."

"Daktari atakubusu paji la uso," alisema Inspekta, akiukoroga mchanganyiko wa maji na sukari. "Kunywa yote."

Akanywa. Inspekta aliupapasa mguu, akauona umevimba gotini, akaamua usiguswe mpaka wenye kazi yao wafike. Alihesabu mapigo ya mkono wa mzee kwa dakika nzima. Yalikuwa ya haraka, lakini yalishikika. Baada ya dakika kumi mtetemo ulipungua, na macho ya mzee yakaanza kufuatilia mambo.

"Aliyewaambia niko hapa ni Kiraka?"

"Ni honi yako isiyolia. Uliacha duara daftarini."

Mzee aliinua nyusi. Alimtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyetoa jibu bila kufundishwa.

"Sasa nieleze," alisema Inspekta. "Binti yako anakufa kwa hofu. Meza ilikuwa na honi inayolia. Ya mbuzi au ya nani, ililia. Kwa nini hii ya hapa?"

"Ijumaa napeleka meza yangu kwenye shule ya wasioona," alisema mzee. "Mwalimu wao kaniomba. Watoto arobaini. Nilikaa kuipaka rangi miezi minne, afande, ule mstari wa njano nimeurudia mara sita, halafu nikakumbuka kwamba hakuna atakayeuona. Wale watanishikia injini mkononi na kuisikiliza. Basi. Sasa sauti ndiyo macho yao, mimi niwapelekee ya uongo? Niwaambie hivi ndivyo inavyolia 5917, na mimi najua haikulia hivyo hata siku moja?"

"Umeshairekodi?"

"Betri imekufa mtungi ukiwa nusu. Nilikuwa nateremka kuangalia, ubao ukanila. Na kesho wanaikata."

Nje, Konstebo alikuwa anaegemea gari la polisi, injini yake ikinguruma. Gari la wagonjwa, kwa makadirio, lilikuwa bado dakika kumi na tano. Inspekta alitazama saa, akatazama mpira mweusi uliopanda paani, akatazama saa tena.

"Mguu unauma?"

"Unauma. Lakini hauhusiani na masikio."

"Konstebo! Sogeza gari hapa. Fungua boneti."

Waliunganisha pampu na betri ya gari la polisi. Iliunguruma dakika saba, na mshale wa mtungi ukapanda polepole kama mzee anayepanda ngazi. Mzee aliwaelekeza akiwa sakafuni: kaza pale, legeza pale, usisimame mbele ya mdomo wa honi kama unataka kusikia tena maishani. Inspekta alipanda mwenyewe juu ya paa, akahakikisha mpira umekaa, akateremka, viganja vimejaa kutu. Pampu ikazimwa. Gari likazimwa. Mzee aliiweka simu yake dirishani, akaiwasha irekodi, akainua mkono mmoja.

Akaushusha. Konstebo akafungua koki.

Sauti ilitoka kwanza kama kikohozi cha vumbi, kisha ikafunguka. Ilikuwa nzito, ya noti mbili zilizopishana kidogo, ile ya chini ikichelewa nyuma ya ya juu. Ilijaa machimbo yote, ikagonga ukuta wa mawe, ikarudi. Ndege waliokuwa kwenye nyasi waliruka kwa pamoja. Inspekta alihisi chuma kikitetemeka chini ya viatu vyake, chuma kilichofutwa vitabuni miaka tisa iliyopita. Mzee alikuwa amefumba macho.

Mtungi ukaisha. Kimya kikarudi.

Mzee alichukua simu, akaiweka sikioni, akasikiliza yote, toka mwanzo hadi mwisho. Akairudia sehemu ya mwisho. Akaishusha.

"Nzuri," alisema. "Nzuri mno. Ila hapa mwishoni kuna mtu kapiga chafya."

Wote wawili walimgeukia Konstebo.

"Vumbi, afande," alisema Konstebo kwa unyonge. "Lilinizidi."

Mbali, upande wa barabara kuu, king'ora cha gari la wagonjwa kilianza kusikika, chembamba bado. Inspekta alikisikiliza, akakadiria mashimo ya njiani, akakunja mikono ya shati.

"Tuna dakika nane," alisema. "Washa gari. Na wewe, ziba pua."